Likishasomwa, Gazeti Ni la Nani?

Gazeti linalochapwa Dar es Salaam usiku hufika Bukundi likiwa limechoka. Limeshapita Mwanza au Shinyanga, likashushwa stendi ya Bariadi au ya Mwanhuzi likiwa kwenye furushi la kamba, na likibahatika kuvuka hapo kwenda vijijini huvuka likiwa kwapani mwa abiria. Bukundi ni kata ya Wilaya ya Meatu, pembe ya kusini-mashariki ya Mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba na ng'ombe. Huko mwenye shilingi elfu na ushee mfukoni hufikiria chumvi, sabuni na vocha kabla hajafikiria gazeti. Nakala moja ikishaingia kijijini, basi, haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Namna inavyowafikia hao wengine ndiyo inayonishughulisha hapa.

Wenzetu wa Ulaya wana ushauri ambao wapenda mazingira huurudia mara kwa mara: ukimaliza gazeti lako kwenye treni liache kwenye kiti, mwingine atalisoma, na karatasi itakuwa imetumika mara mbili kabla ya kwenda jalalani. Ni ushauri mwepesi, hauna gharama, na haumtaki mtu aongee na mtu. Sasa jaribu kuufuata kwenye basi la kutoka Bariadi kwenda Mwanhuzi. Utakuwa umeshashuka, unatafuta bodaboda, utingo anakuja mbio nyuma yako: "Mzee, umesahau gazeti lako!" Na asipokuja mbio, gazeti hilo halitasomwa na abiria wa safari ya pili. Litafuta kioo cha mbele, au litatandikwa juu ya boneti dereva aweke chipsi zake. Kitu kilichoachwa ndani ya basi letu ama kimesahauliwa, na hapo kina mwenyewe wa kukimbiliwa, ama ni mali ya utingo. Mlango wa tatu, wa kitu kilichoachwa makusudi kwa ajili ya mtu asiyejulikana, haupo.

Hiyo haina maana kwamba hatusomeshani magazeti. Tunasomeshana sana, ila kwa njia nyingine. Mtu akifungua gazeti ndani ya basi, hajalifungua peke yake. Jirani wa dirishani ameshaanza kudokoa kwa jicho la pembeni; aliyesimama ameinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Dakika chache zikipita, sauti inatoka siti ya nyuma: "Kaka, naomba nichungulie michezo." Na hapo pana kajambo kadogo ninakokapenda. Magazeti yetu mengi huweka mpira kwenye kurasa za mwisho, na karatasi ya gazeti ikikunjwa, ukurasa wa kwanza na wa mwisho ni mwili mmoja. Mwenye gazeti akichomoa karatasi ya nje ampe shabiki wa Simba au Yanga, anampa na habari kubwa ya siku. Yeye anabaki na matumbo: matangazo ya zabuni, safu za maoni, hesabu za benki. Shabiki akishamaliza mabao huigeuza karatasi na kukutana na Bunge, atake asitake. Nadhani wapo wengi Kanda ya Ziwa waliojifunza siasa kwa upande wa pili wa karatasi ya michezo.

Kutoka hapo karatasi huanza kutembea. Inakwenda siti za nyuma, inarudi upande wa dereva, inakaa kidogo kwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, inarudi ina alama za vidole vya mtu aliyekuwa anakula kuku. Mwenyewe akikaribia kushuka hutangaza: "Jamani, gazeti langu, mimi nashuka hapa." Likarudishwa vipande vipande kama darasa lililoitwa mstarini. Akiwa mkarimu husema, "Kaeni nalo," lakini hata ukarimu huo una anwani. Amemtazama mtu usoni, wengine wameshuhudia, na atakayeshuka baadaye anajua ni gazeti la nani.

Kwa nini haliachi tu, ilhali ameshalisoma? Kwa sababu kazi ya gazeti nyumbani haijaanza. Mtoto anasubiri jalada la daftari. Ukuta wa chumba unasubiri kubandikwa, na kuna nyumba ambamo mgeni anaweza kukaa kitandani akasoma uchaguzi wa miaka kumi iliyopita. Mwenye bucha anafungia nyama, mama wa karanga anasokota vipande vidogo vya kutilia kipimo, babu anavuta tumbaku yake humo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, karatasi kuukuu imepata heshima zaidi gengeni. Mtu anayeacha gazeti kwenye siti akidhani anafanya hisani, machoni pa mkewe amepoteza majalada ya madaftari mawili.

Tuvuke bahari sasa. Tarehe 13 Februari 1995 gazeti la Metro lilianza kugawiwa bure kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mjini Stockholm. Wazo lilikuwa jepesi na la kijasiri: abiria ana dakika ishirini hivi, hana la kufanya, mpe gazeti la kulimaliza ndani ya muda huo, matangazo yatalipa gharama. Miaka minne baadaye London ikapata Metro yake, na mwaka 2009 Evening Standard, gazeti la jioni la siku nyingi mjini humo, nalo likaacha kuuzwa likaanza kugawiwa. Treni za asubuhi zikajaa magazeti yasiyo na mwenyewe. Anayepanda kituo cha kati anaokota lililoachwa na aliyepanda mwanzo wa njia. Hakuna neno lililosemwa. Wawili hao hawatajuana kamwe, na nina hakika wengi wao hupendelea iwe hivyo.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yenyewe ilipo. Kuacha kunastawi pale ambapo kuomba ni usumbufu. Abiria wa London akimgeukia jirani yake amwombe karatasi ya michezo, atakuwa amevunja mwiko mkubwa wa treni ile, mwiko wa kutoonekana. Kiti hufanya kazi ya ulimi. Meatu ulimi upo, na kuomba ni sehemu ya kusalimiana. Msukuma aliyekaa saa tatu pembeni yako bila kukuomba chochote, wala kukuuliza unatoka kwa nani, huenda ana jambo linalomsumbua. Gazeti linakuwa kisingizio kizuri: ukishaniazima karatasi, siwezi kukaa kimya juu ya ulichokuwa unakisoma.

Ila nisiwasingizie watu wa Ulaya kwamba ni ubaridi tu. Kuna hesabu pia. Kitu kilichotolewa bure ni rahisi kukiacha. Kenya walijaribu mwaka 2014, People Daily ilipoanza kugawiwa bure jijini Nairobi, na mtu aliyepokea gazeti bila kutoa senti hana haja ya kulitangazia basi zima kwamba anashuka. Japani nayo inatukataza kurahisisha mambo, maana kule vitu vilivyoachwa vilikuwa vya kununuliwa. Jarida la vibonzo la Shōnen Jump, lililofikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja mwaka 1995, lilisomwa na vijana na wafanyakazi wa ofisini ndani ya treni, kisha likawekwa juu ya wavu wa mizigo au kutupwa kwenye pipa la kituoni. Watu wasio na makazi waliyakusanya hayo majarida yakiwa bado mapya na kuyauza barabarani, nje ya vituo kama Shinjuku, kwa sehemu ndogo ya bei yake. Pale uachaji ulizaa biashara, na biashara ikamlisha mtu ambaye hakuna abiria angemgeukia kumpa kitu mkononi.

Biashara ya gazeti lililokwisha kusomwa ni ya zamani kuliko treni. Karibu na sisi, Addis Ababa, eneo la Arat Kilo limejulikana kwa wakodishaji wa magazeti. Unatoa sarafu ndogo, unapewa gazeti, unakaa kwenye ukingo wa barabara au juu ya jiwe, unalisoma kwa muda mliokubaliana, unalirudisha likiwa limekunjwa vizuri. Wengi wanakwenda moja kwa moja kwenye nafasi za kazi, na wenye daftari wananakili anwani. Jioni nakala iliyopita mikono ya watu wengi inauzwa kwa bei ya karatasi ya kufungia. Huko hakuna kuomba wala kuacha, kuna dau na saa. Nalipenda jambo moja kwenye utaratibu huu: aliyelipa hana deni la maneno kwa mtu. Anaweza kusoma gazeti analolitaka, la upande wowote, hakuna anayemuuliza.

Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na kitu kilekile. Serikali iliyapandishia magazeti ushuru wa stempu hadi mtu wa kawaida akashindwa kuyanunua, wachuuzi wakaanza kuyakodisha kwa saa, na mwaka 1789 Bunge likatunga sheria ya kuwazuia. Haikusaidia sana. Watu waliendelea kuchangiana nakala na kusoma kwenye nyumba za kahawa, hata ushuru ulipofika peni nne kwa nakala mwaka 1815. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1711, mwandishi Joseph Addison alikuwa ameshajigamba kuwa kila nakala ya gazeti lake, The Spectator, inasomwa na watu ishirini. Yeye aliwahesabu wasomaji wa kuazima kuwa ni mtaji, serikali iliwahesabu kuwa ni wezi wa ushuru. Mzozo huo haujaisha hadi leo, na si Ulaya peke yake.

Sisi tuliuona mwaka 2017. Kwa miaka mingi redio na televisheni zetu zilikuwa na kipindi cha asubuhi cha kupitia magazeti, na mtangazaji mwenye pumzi angeweza kukusomea habari mwanzo hadi mwisho huku unapiga mswaki. Waziri wa Habari wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, aliagiza visomwe vichwa vya habari tu, ili mwenye kutaka undani akanunue nakala. Ninawaelewa wenye magazeti. Mwandishi naye anakula. Lakini agizo hilo lilitungwa kwa macho ya mtu aliyeko Dar es Salaam, ambako meza ya magazeti iko kila kona. Bukundi, aliyesomewa kichwa cha habari hana pa kukimbilia. Kwake yeye redio ilikuwa ni yule jirani wa kwenye basi aliyepata gazeti akasoma kwa sauti.

Kusoma kwa sauti ndiyo desturi yetu kubwa kuliko zote, na ndani yake mfano wa kuacha na mfano wa kukodisha haitoshi. Usukumani wanaume hukaa jioni kwenye shikome, moto wa uani, na hapo ndipo habari za mchana hukusanywa: mvua imenyesha wapi, ng'ombe wa nani wamepotea, bei ya pamba. Gazeti liliingia kwenye kikao ambacho tayari kilikuwa na utaratibu wake. Msomaji akawa kijana aliyemaliza shule, wazee wakawa wahariri, maana humkatisha, humrudisha nyuma, humwambia hilo ruka. Havana, Kuba, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walikuwa na msomaji wa kwao: kuanzia mwaka 1865 walimchangia fedha msomaji akae mahali pa juu awasomee magazeti na vitabu huku wao wanasokota tumbaku, na mwaka uliofuata watawala wa Kihispania walipiga marufuku kazi hiyo kwa kuogopa masikio yanayosikiliza kwa pamoja. Zanzibar, baraza la Jaws Corner katika Mji Mkongwe limekuwa na kahawa, magazeti na ubishi wa siasa kwa miaka mingi. Nakala moja pale haiishi kusomwa mpaka ibishiwe.

Serikali yenyewe iliwahi kulielewa hili kwa ufasaha kuliko inavyolielewa sasa. Mradi wa kisomo wa UNESCO ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo (Simiyu ilikuwa bado miongo mingi izaliwe, mwaka 2012), ulifundisha watu wazima kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, ufugaji na uvuvi. Kufika mwaka 1975 wasiojua kusoma nchini walihesabiwa kuwa wamepungua hadi asilimia 39. Ila mtu aliyejua kusoma na hana cha kusoma huusahau ujuzi wake upesi. Ndiyo sababu mwaka 1974 lilianzishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wahitimu wa madarasa yale. Lilikuwa gazeti lililokusudiwa toka mwanzo kupita mikono mingi. Leo magazeti ya vijijini yamebaki kwenye makabati ya maktaba, na wazee waliojifunza herufi kwa habari za pamba wanategemea karatasi ya kufungia nyama.

Nimesifu kuomba, sasa niutoe upande wake mbaya, kwa sababu upo. Angalia ni nani anayeomba ndani ya basi. Ni mwanamume. Ni mtu mzima, au kijana mwenye ulimi mwepesi. Binti wa kidato cha nne anayerudi likizo hamwombi gazeti mwanamume asiyemjua, kwa sababu anajua maombi ya namna hiyo huanzisha mazungumzo ambayo hayahusu gazeti. Mayu, yaani mama, mwenye mtoto mgongoni na kuku miguuni haombi, na hakuna anayemkumbuka. Karatasi inapita juu ya kichwa chake kwenda kwa mwanamume wa nyuma. Shikome nayo ni ya wanaume. Jaws Corner vilevile, kwa sehemu kubwa. Mzunguko wetu wa magazeti, ambao tunapenda kuuita umoja, una ukuta, na walioko nje ya ukuta ni karibu nusu ya abiria. Mama wa karanga wa pale stendi husoma gazeti la wiki iliyopita mstari mmoja mmoja, kabla hajalipasua awekee karanga ndani.

Kuomba pia kunakuanika. Gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa mwaka 2012, likafungiwa tena mwaka 2017. Katika miaka ya namna hiyo, kumwambia mtu mbele ya basi zima "naomba hilo" kulikuwa ni kujitambulisha. Kuna abiria wangechagua Uhuru, la chama tawala, kwa sauti, na kulitazama lile jingine kwa jicho la pembeni. Lililoachwa kwenye kiti halina swali. Unaliokota kama uliyekuwa unatafuta pa kuweka mkoba, unalisoma, unaliacha ulipolikuta. Wivu wangu kwa abiria wa London unaanzia hapo hasa, na hauhusiani na miti iliyookolewa.

Pwani wana sababu nyingine ya kutoliacha gazeti ovyo, nayo ni heshima ya karatasi. Gazeti kama An-Nuur lina aya za Kurani na jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, na mtu mcha Mungu hatalitandika chini wala kulifungia samaki. Wayahudi wa Cairo walikuwa na chumba kizima katika sinagogi la Ben Ezra cha kuhifadhi maandishi yenye jina la Mungu yasije yakatupwa, na humo wanazuoni wakakuta, pamoja na maandiko, risiti na barua za biashara za karne nyingi. Bara tumekuwa wepesi zaidi wa mkono. Nimekula vitumbua vilivyofungwa kwa tahariri, na mafuta yakaifanya isomeke pande zote mbili kwa pamoja.

Mabasi mapya ya njia ndefu yana kifuko cha wavu nyuma ya kila siti. Sasa hivi kimejaa chupa tupu na maganda ya machungwa. Ningependa kuona kampuni moja tu ya mabasi ikiweka gazeti humo asubuhi, moja kwa kila siti mbili, na kumwambia utingo asiwakimbilie watu nalo. Nakala mbovu za siku mbili nyuma zingetosha. Wachapishaji wanarudishiwa kila siku magazeti yasiyouzwa. Najua pingamizi: kufika Mwanhuzi hakutakuwa na hata moja, yote yatakuwa yamekwenda kuwa majalada ya madaftari. Sawa. Binti wa kidato cha nne atakuwa na saa tatu za kulisoma kabla halijaingia kwenye mkoba wake, na hatakuwa amemwomba mtu.

Kuna watakaosema simu imeshamaliza kesi hii. Kila asubuhi picha za kurasa za mbele za magazeti yote huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zikafika Bukundi kabla ya furushi kushushwa Bariadi, mradi mtandao upo na kifurushi hakijakwisha. Ni kweli zinafika. Ila ni kurasa za mbele tu, vichwa vya habari vyekundu vinavyokuelekeza ukurasa wa 4, na ukurasa wa 4 haujatumwa. Agizo la mwaka 2017 limetekelezwa na simu bila waziri. Na simu haiazimwi. Hakuna anayemgeukia jirani kwenye basi na kumwambia naomba nichungulie simu yako, nikimaliza nitaipitisha nyuma. Kila mtu ana kichwa chake cha habari mkononi, na ubishi juu ya kilichoandikwa ndani unaendelea kama kawaida, kuanzia Bariadi mpaka mwisho wa safari, kati ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyekisoma.